Laki tatu mkononi: mashine ya kusuka, inverta au ya waya?

Nilikuwa nimepanga chumba cha uani Temeke, nyumba ya wapangaji sita na luku moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ya kuchangia. Tulikuwa mwezi wa pili chuoni tukijifunza kuchomelea, rodi zangu bado zinanasa kwenye chuma kama ndege kwenye ulimbo, nikaazima mashine ya kuchomelea kwa binamu yangu ili nifanyie mazoezi nyumbani. Ilikuwa ya kusuka, ile ya boksi la bati lililopakwa rangi ya kijani, tuliishusha watu wawili kutoka kwenye bajaji. Nikaichomeka. Rodi ilipogusa chuma mara ya kwanza, taa za nyumba nzima zikafifia. Mara ya pili breka ikakata. Mama mwenye nyumba akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Kijana, hilo nini?"

"Shikamoo mama. Mashine ya mazoezi ya chuo."

"Marahaba. Basi mazoezi yafanyie huko huko chuoni."

Tangu siku ile nimemiliki inverta mbili, moja ya kujuta na moja ninayoitumia mpaka leo, na nimefanya kazi miezi kadhaa kwenye gereji yenye mashine ya waya, ile inayosukuma waya badala ya rodi. Kwa hiyo mwanafunzi akinijia na ile ya "Kaka, nina laki tatu, nichukue ipi?", mimi humuuliza kwanza soketi yake ikoje, luku ni ya nani, na anachomelea nini. Mashine inafuata baadaye.

## Unahitaji moto kiasi gani?

Kazi za mwanafunzi nyumbani zinajulikana. Skwea paipu za grili na vitanda, unene wa milimita 1.2 hadi 1.5. Flati ba ya milimita 3. Engo za meza au stendi ya tangi. Na vile vipande vya sahani nene ulivyookota karakana ili ukavipigie mishono jioni. Karibu zote hizo zinakwenda na rodi ya E6013 ya milimita 2.5, ambayo dukani utasikia ikiitwa geji 12, na rodi hiyo inataka ampea 60 hadi 90. Ukipanda geji 10, ile ya milimita 3.2, unataka kati ya 90 na 130. Rodi ya milimita 2 kwa paipu nyembamba inaridhika na 40 hadi 60.

Hesabu yake ni fupi: mashine inayotoa ampea 140 za kweli inakumalizia chuo na inakuingiza kazini. Nasema za kweli kwa sababu namba iliyoandikwa kwenye boksi ni habari nyingine, nitaifikia.

## Ya kusuka

Hii ni transfoma iliyosukwa kwa mkono na fundi, kama wanavyosuka mota. Ukipita Gerezani pale Dar es Salaam utawakuta wanaozijua, na jua kali wa Nairobi nao wana zao. Ndani kuna sahani nyembamba za chuma zilizopangwa, waya wa kuingizia umeme wenye mizunguko mingi, waya mnene wa kutolea wenye mizunguko michache, na nje kuna bolti au matundu ya kuchagua moto mdogo, wa kati na mkubwa. Haina bodi ya elektroniki, haina feni nyingi za kufa, haina kitu cha kuogopa vumbi. Ikiungua, fundi aliyeisuka anaifungua na kuisuka tena. Nimeona moja imechomelea mageti miaka mingi ikiwa nje chini ya mwembe, ikifunikwa gunia tu mvua ikinyesha.

Tatizo lake ni namna inavyovuta. Kabla moto haujashika, ncha ya rodi huwa na volti 60 na kitu. Ukichomelea kwa ampea 100, transfoma inaubeba mzigo ule wote wa volti mara ampea: 65 mara 100 ni 6,500, gawa kwa 230 za ukutani, unapata ampea 28 kutoka kwenye laini ya nyumba. Plagi ya kawaida ya miguu mitatu tunayoitumia huku ina fyuzi ya ampea 13. Sasa unaelewa kilichomtoa mama jikoni.

Na umeme wa mtaani ukishuka, nayo inashuka hivyo hivyo. Jioni watu wamewasha pasi na majiko, ukutani zikabaki volti 180, basi zile 60 za kwenye rodi zinakuwa 47. Hapo rodi ya E6013 inashika kwa kubembelezwa, na E7018 ya chuo usijisumbue nayo. Hiyo inataka 70 hivi kwenye umeme wa AC, ule unaogeuka upande kila mara, na hii haitoi kingine zaidi ya AC.

Kuna jambo jingine ambalo sitalipita haraka, kwa sababu linaua. Kati ya waya wa kuingiza na waya wa kutoa kuna karatasi na vanishi tu. Mashine iliyosukwa vizuri imetenganishwa vizuri. Iliyosukwa kwa haraka, au iliyowahi kuungua ikarudishiwa juu juu, waya hizo mbili zinaweza kugusana, na pale unaposhika holda, kile kishikio cha rodi, ukidhani una volti 60, una 230 za TANESCO mkononi, jasho mwilini, sakafu ina maji. Ukichukua ya kusuka, boksi lake la bati lazima lifungwe waya wa ethi wa kweli unaofika ardhini, na kabla ya kulipa mwambie fundi apime mbele yako kwa mita kama kuna njia kati ya plagi na holda, na kati ya plagi na boksi. Isiwepo kabisa. Fundi mwenye kazi safi hakasiriki ukimwomba hivyo.

Kwangua pia waya kwa kisu mahali palipojificha. Ukiona weupe chini ya vanishi, ni aluminiamu. Si dhambi, ila aluminiamu hupitisha umeme kama asilimia 60 ya shaba, kwa hiyo kama hakutumia waya mnene zaidi, itachemka mapema. Na bei ya shaba usimlipe.

## Inverta

Inverta inafanya kazi ile ile kwa akili nyingine. Inaupokea umeme wa ukutani, inaunyoosha, inaukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, halafu inaupitisha kwenye transfoma ndogo kama ngumi. Umeme ukikatwa kwa kasi hiyo hauhitaji chuma kingi, ndiyo maana mashine nzima ina kilo 4 au 5 na inaning'inia begani kwa mkanda. Inatoa DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, moto wake umetulia, na ampea unazichagua kwa kuzungusha kitufe, hakuna habari ya kuhamisha bolti.

Kwa ampea zile zile 100, inverta ndogo ya kawaida inavuta 18 au 19 ukutani. Kwa ampea 75, ambazo ndizo za rodi ya milimita 2.5, inavuta kama 13. Hapo mtu wa nyumba ya kupanga anapona. Plagi itapata joto lakini kazi itaenda.

DC inakupa pia uhuru wa kugeuza nyaya. Kwenye paipu nyembamba inayotoboka, weka holda upande wa hasi na ethi, ile klempu inayobana chuma, upande wa chanya. Chuma hakichimbwi sana. Kwenye sahani nene, na kwa E7018, geuza, holda iende chanya. Transfoma ya kusuka haina mchezo huo.

Sasa mabaya yake. Inverta inaogopa vumbi la grenda kuliko inavyoogopa mvua ya mbali. Feni inavuta hewa, na hewa ya sehemu ya kazi ina unga wa chuma, nao unakaa juu ya bodi yenye volti zaidi ya 300. Inverta yangu ya kwanza ilikufa hivyo. Niliiweka chini, mita moja kutoka mahali nilipokuwa nakatia paipu, cheche zote zikawa zinaelekea kwenye matundu yake. Wiki ya saba ikapiga pa! kama baruti ya sikukuu. Nilipoifungua nikakuta ukoko mweusi ndani kama wa sufuria ya wali, na fundi wa redio akanitazama kwa huruma tu. Tangu hapo ninaipandisha juu ya kiti, matundu yake ya hewa yakitazama mbali na grenda, na kila mwisho wa mwezi naifungua na kuipuliza.

Na kuna hili ambalo wauzaji hawalisemi: inverta inadekeza. Ina kitu cha kuongeza moto unapoanza na kitu cha kukata moto rodi inaponasa, kwa hiyo rodi haigandi ikawa nyekundu mkononi mwako. Mazoezini ni raha. Ila karakana nyingi za vyuo bado zina transfoma kubwa za zamani, na mtihani wa vitendo unaufanyia kwenye ile iliyopo. Nimewahi kumwona mwenzangu, fundi mzuri kabisa wa inverta nyumbani kwao, akihangaika na rodi nne kabla ya mshono wa kwanza. Ukinunua inverta, chuoni zing'ang'anie zile transfoma.

## Je, inverta inaokoa luku?

Kila muuzaji atakuambia hivyo. Tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapodanganyana.

Rodi moja ya milimita 2.5 inaungua kwa dakika moja hivi. Kwa ampea 75, moto wenyewe unakula kama kilowati 1.7, ongeza kinachopotea ndani ya inverta, inakuwa 2.1 au 2.2. Kwa dakika moja ni sehemu ndogo sana ya uniti. Uniti moja inakuchomea rodi 27 au 28. Kwenye transfoma, inayopoteza zaidi, uniti hiyo hiyo itakuchomea kama rodi 20.

Kwa mteja wa kawaida uniti ni shilingi 292, na ukijumlisha kodi na tozo inafika 356. Kwa hiyo rodi moja inakula umeme wa shilingi 13 kwenye inverta, na 18 kwenye ya kusuka. Tofauti ni shilingi tano! Rodi yenyewe ni ghali mara nyingi kuliko umeme unaoiunguza.

Inakuwaje basi ya kusuka izime taa za watu halafu luku isikimbie kwa kiasi kile? Kwa sababu sehemu kubwa ya zile ampea 28 inaingia kwenye transfoma na kurudi bila kufanya kazi, na mita ya nyumbani inahesabu kazi iliyofanyika tu. Waya za ukutani ndizo zinazobeba mzigo wote, kwenda na kurudi, ndiyo maana zinachemka. Kwa hiyo inverta usiinunue kwa ajili ya kuokoa luku. Inunue kwa ajili ya waya, breka na amani ya nyumba.

Kwa walio kwenye daraja la matumizi madogo, ile bei ya shilingi 100 kwa uniti inaishia kwenye uniti 75 za mwezi. Zinazozidi ni 350, kabla ya kodi. Kama nyumba inakaribia 75 kila mwezi, uniti zako tano za mazoezi ndizo zitakazoangukia kwenye bei kubwa. Mwambie mwenye luku mapema na uzilipe mwenyewe. Mimi nililipa kwa kumtengenezea mama mwenye nyumba kichanja cha vyombo, na kesi ikaisha.

## Ya waya

Siku hizi kuna inverta zenye kila kitu: rodi, waya wa kujilinda bila gesi, na nyingine zinapokea hata mtungi wa gesi. Waya unatoka wenyewe kwenye bunduki, unabonyeza tu. Kwa bati la gari na paipu ya milimita 1, hakuna kinachoishinda. Mtu ambaye hajawahi kushika holda anaweza kutoa mshono wa kupendeza siku ya kwanza.

Na ndiyo sababu simshauri mwanafunzi aanze nayo. Mkono haujifunzi kuishusha rodi inavyopungua, ambalo ndilo jambo zima la kazi yetu. Pili, rola ya waya usio na gesi, kwa kilo, inauzwa juu kuliko rodi, na ukitoka mjini unaweza kuzunguka maduka matatu bila kuipata. Rodi za E6013 zipo hata duka la misumari la kijijini. Tatu, waya unaokuja nao mara nyingi ni wa E71T-GS, ambao ni wa mshono wa tabaka moja tu. Kwenye sahani nene inayotaka tabaka mbili tatu, haufai. Na ukisahau kugeuza nyaya ili bunduki ikae upande wa hasi, inatema cheche kama mahindi kikaangoni, halafu unailaumu mashine.

Kwa bajeti ya laki tatu, ya waya utakayoipata itakuwa imepunguzwa kila mahali ili bei itoshe, na kinachokufa kwanza ni ile mota ya plastiki inayosukuma waya.

## Zikikaa pamoja

| | Ya kusuka | Inverta ya rodi | Ya waya bila gesi |
|---|---|---|---|
| Umeme unaotoka | AC | DC | DC |
| Inavuta ukutani ikitoa ampea 100 | kama 28 | kama 18 au 19 | kama 14 au 15 |
| Kubeba | watu wawili | bega moja | mkono mmoja, kwa shida |
| Umeme wa mtaani ukishuka | inasumbua mapema | inavumilia zaidi | inavumilia zaidi |
| Vumbi la grenda | haijali | linaiua | linaiua |
| Ikiharibika | fundi wa kusuka | fundi wa bodi, au kwaheri | kama inverta, na mota ya waya juu yake |
| Inafundisha mkono | sana | vizuri, inadekeza kidogo | kidogo |

Aliye na karakana ya familia, laini yake mwenyewe na mageti ya kuchomelea kutwa, achukue ya kusuka ya shaba na asibabaishwe na mtu. Aliyepanga chumba achukue inverta ya rodi. Ya waya nawaachia walioajiriwa kwenye bodi za magari.

## Namba ya kwenye boksi

Inverta yangu ile ya kwanza iliandikwa 250 kwa herufi nyekundu kubwa kuliko jina lake. Niliinunua kwa sababu iliyo pembeni yake iliandikwa 160 na bei zilikaribiana. Nani angechukua 160?

Angalia plagi na waya wake. Ampea 200 za kuchomelea zinataka kama ampea 43 kutoka ukutani. Mashine iliyokuja na waya mwembamba wa pasi na plagi ya fyuzi 13 haiwezi kuvuta 43, hata iapishwe. Kwa hiyo mbavuni tafuta kibati cha maelezo, siyo stika ya mbele. Hapo pameandikwa I2, ambayo ni ampea inazotoa, na I1max, ambayo ni ampea inazovuta. Zikipishana na akili, kama vile inatoa 250 huku inavuta 20, rudisha rafuni. Isiyo na kibati kabisa, usiiguse.

Kwenye kibati hicho hicho kuna herufi X na asilimia. Huo ni muda wa kufanya kazi ndani ya dakika 10. X ya asilimia 30 kwa ampea 160 maana yake dakika 3 unachomelea, 7 inapumzika. Ukishusha moto muda unaongezeka: mashine hiyo hiyo kwa ampea 87 inaweza kwenda bila kupumzika. Ila mashine za daraja la nyumbani hupimwa kwenye joto la nyuzi 20, na za kazini kwenye 40. Dar ya Februari si nyuzi 20, kwa hiyo taa ya njano ya kuonya joto itawaka mapema kuliko kibati kinavyoahidi. Kwa rodi ya milimita 2.5 hutaiona sana, kwa sababu kila rodi ikiisha unagonga slagi, ule ukoko wa juu ya mshono, unaangalia mshono, unasikitika, unachukua nyingine.

## Usiimalize laki tatu kwenye mashine

Ukitumia zote hapo, utakuwa na mashine isiyo na rodi, na mkono unafundishwa na rodi. Pakiti ya kilo 2 na nusu ya milimita 2.5 ina rodi mia na ushee. Itenge kabla hujaingia dukani. Tenga na barakoa yenye kioo namba 10 au 11. Ile miwani ya jua wanayovaa mafundi wa barabarani haizuii mionzi inayochoma macho. Usiku utaamka kama uliyemwagiwa mchanga machoni, na viazi utakavyobandikwa havitakusaidia.

Tenga na ekstensheni ya maana. Waya wa milimita za mraba 1.5 wenye urefu wa mita 20 unakula karibu volti 10 ukivuta ampea 18, wa 2.5 unakula chini ya 6. Na uukunjue wote. Uliobaki umezungushwa kwenye roda unachemka ndani kwa ndani mpaka plastiki inashikana.

Halafu nenda dukani na rodi zako tatu za milimita 2.5 mfukoni, kipande cha flati ba, na barakoa. Mwombe muuzaji aiwashe, weka ampea 80, unguza zote tatu mfululizo bila kugonga slagi. Shika plagi: ya uvuguvugu ni sawa, ya kuunguza vidole hapana. Sikiliza feni. Angalia kama rodi ya tatu imeshika moto kwa urahisi kama ya kwanza. Mimi niliponunua ya pili, muuzaji wa kwanza alisema dukani kwake hawachomelei, kwa hiyo nikamshukuru, nikavuka barabara na rodi zangu mfukoni.